CRP kupanda si dalili ya kinga dhaifu

Dada, umeuliza kama CRP (protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi) ya 140 kwenye karatasi ya vipimo ya mzee aliyelazwa kwa korona ina maana kinga yake imeisha. Hapana, mara nyingi ni kinyume: kinga imechachamaa. IL-6 (kemikali ya kinga ya kupiga kengele ya hatari) ikipanda, ini humwaga CRP; kwa mtu mzima asiyeumwa, kwa kawaida huwa chini ya 10 mg kwa lita. Angalia na mstari wa limfosaiti (chembe nyeupe za damu zinazopambana na virusi) kwenye karatasi hiyo hiyo. Zikiwa zimeshuka huku CRP imepaa, daktari halali usingizi.

Unene unaingiaje kwenye ukali wa korona? Mafuta ya tumboni hayajakaa tu pale. Yenyewe hutoa IL-6 kila siku, kwa hiyo virusi hukuta moto umeshawashwa. Ongeza sukari isiyodhibitiwa, mambo huwa mazito zaidi. Sigara nayo huharibu vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa.

Ndiyo maana dawa iliyookoa wengi ilikuwa ya kutuliza kinga, si ya kuiongeza (wauza tangawizi mtanisamehe). Utafiti wa RECOVERY, Uingereza, 2020: deksamethasoni 6 mg kwa siku ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia kitu. Hivyo msikimbilie kuinunua duka la dawa mtu akianza kukohoa tu. Na mzee muulizieni oksijeni kwenye damu yake ni asilimia ngapi. Ikiwa chini ya 92, hiyo ina uzito kuliko CRP.