Ukishaweka paa, hilo ni jengo

Nilipomwambia mama kwenye simu kwamba ofisini wamenipa kazi ya kuchora uwanja wa sketi, aliniuliza tangu lini nimeacha ujenzi nikaingia cherehani. Tangu siku hiyo nasema sketibodi, neno zima, yaani ule ubao wa magurudumu.

Kazi yenyewe niliiona ndogo. Zege lililomwagwa kwa mabonde na matuta, mabakuli mawili ya kuteremkia, na juu yake paa la bati lisilo na ukuta hata mmoja, katika bustani ya mji mdogo kaskazini-magharibi mwa Marekani, huku ambako mvua ikianza Oktoba huondoka inapojisikia. Nikachora, nikapeleka. Ramani zikarudi kutoka ofisi ya vibali na maswali 31.

Kwa hiyo wewe unayefanya kazi hizi huku ughaibuni, ukiletewa uwanja wa namna hii, kabla hujagusa kalamu nenda kwa mkaguzi wa ramani ukamuulize swali moja: hiki kitu wewe unakiitaje? Jibu lake ulipate kwa maandishi.

Kanuni zinazofuatwa na majimbo mengi, kila jimbo likiongeza yake, ni zile za IBC (International Building Code), kanuni za ujenzi ambazo hupitiwa upya kila baada ya miaka 3. Humo jengo ni chochote kinachojengwa kuhimili au kusitiri shughuli za watu. Ukuta hautajwi. Na eneo lisilo na kuta huhesabiwa kuwa sehemu ya jengo mradi liko chini ya kivuli cha paa. Uwanja uleule ukiwa wazi juani ni zege la bustani tu. Uwekee paa, unaanza kuulizwa habari za milango ya dharura.

Swali lililofuata lilikuwa la kundi, maana kanuni hupanga majengo kwa matumizi yake, na herufi A ni ya mahali watu wanapokusanyika. A-5 ni shughuli za nje, A-3 ni burudani na michezo ya ndani isiyo na viti vya watazamaji. Mimi niliandika A-5, kwa hoja kwamba upepo unapita kila upande. Mkaguzi akasema paa limewekwa ili watu wasinyeshewe, basi wako ndani: A-3. Nimeshakutana na mkaguzi mwingine aliyekubali hoja yangu ileile, ndiyo maana nasema uulize mapema. Tofauti yake ni pesa nzito, kwa sababu A-3 ikizidi futi za mraba 12,000, au ikihesabiwa watu 300 na zaidi, inadai mabomba ya kunyunyizia maji ya kuzimia moto. Mahali penye baridi kali, palipo wazi, maji hayawezi kukaa kwenye bomba, yataganda. Inabidi uweke mfumo wa bomba kavu, unaokaa na hewa tu hadi moto uzuke, na bei yake iliwafanya watu wa manispaa wanyamaze mezani.

Paa letu lilikuwa futi 110 kwa 120, yaani 13,200. Tukalipunguza hadi 96 kwa 120, likawa 11,520. Nikashangilia mapema. Mkaguzi akaipiga hesabu ya watu: sehemu ya kutelezea mtu mmoja kwa kila futi za mraba 50, sehemu ya kusimama pembeni mtu mmoja kwa kila futi 15. Kila palipokuwa tambarare kwenye ramani yangu yeye alipaita pa kusimama. Akapata futi 9,000 za kuteleza, watu 180, na 2,520 za kusimama, watu 168. Jumla 348. Mabomba yakarudi.

Hapa ndipo nilipojifunza kupaka rangi. Nilikwenda uwanjani Jumamosi mbili kwenye mji wa jirani, nikakaa na chai yangu nikitazama watoto wanapita wapi. Ile tambarare kati ya bakuli na bakuli hakuna anayesimama; ukisimama utagongwa. Nikachora ukurasa mmoja tu wa matumizi: kijani pa kuteleza, njano pa kusimama, na njano ikafungiwa kwa kizingiti kifupi ili isibaki ahadi ya karatasi. Njano ikatoka futi 1,200, watu 80. Kijani 10,320, watu 207. Jumla 287. Mkaguzi alirudia hesabu kwa kikokotoo chake mwenyewe, akagonga muhuri ukurasa ule.

Swali la 14 nimelihifadhi. Lilisema ngazi yangu ya hatua tano ina reli moja katikati, kimo chake inchi 16, wakati reli ya kushikia inatakiwa iwe kati ya inchi 34 na 38 na iwe pande zote mbili. Alikuwa sahihi kabisa. Ila ile haikuwa ngazi, kilikuwa kikwazo cha kurukia, na reli ile ni ya kuteleza juu yake kwa ubao. Kosa ni langu, niliyeandika “ngazi” kwa herufi kubwa. Sasa kila kilicho ndani ya kijani nakiita kifaa cha mchezo chenye namba, na njia ya watu kutoka naichora kwenye ukurasa wake, ikiwa na ngazi za kweli na reli za kweli.

Midomo ya mabakuli ilileta ubishi wa aina hiyohiyo. Pakiwa na mteremko wa ghafla unaozidi inchi 30 kandokando ya pa kupita, kanuni inataka vizuizi vya inchi 42. Weka vizuizi kuzunguka bakuli uone nani atateremka. Hakuna msamaha ulioandikwa kwa ajili ya sketibodi, kwa hiyo tuliomba njia mbadala kupitia kifungu kinachomruhusu mkaguzi kukubali, tukiambatisha mwongozo F2480 wa ASTM, shirika la viwango, ambao ni wa viwanja vya zege vilivyochimbwa ardhini. Migongoni na ubavuni mwa majukwaa, ambako hakuna anayeteremka, tuliweka vizuizi kamili bila ubishi. Usiombe usichokihitaji.

Uzio nao usiusahau. Manispaa walitaka kufunga usiku. Geti likiwa kwenye njia ya kutokea ya watu 50 na zaidi linahitaji komeo la kusukuma kwa kiwiliwili, siyo kufuli na mnyororo.

Jambo la mwisho halikutoka kwa mkaguzi. Kanuni inaridhika na dari ya futi saba na nusu. Kijana mmoja wa pale, labda miaka 16, aliangalia mchoro wa ubavuni, akaweka kidole kwenye boriti iliyopita juu ya bakuli kubwa, akasema, “Mzee, hapa nitaacha meno.” Tukapandisha paa futi nne. Upepo nao ukaongezeka kwenye hesabu za nguzo, na mhandisi akaleta ankara ya pili.