Legacy GT nzito ukikanyaga mafuta

Mkuu, nimekuelewa: Subaru Legacy GT yako ya 2007 ukiweka I kwenye swichi ya SI-Drive (ya kuchagua jinsi injini inavyoitikia mguu: I, S au S#) inaitikia kivivu, na Legacy 2.0i ya rafiki yako haina hata hiyo swichi ya kuzungusha pale karibu na gia. Injini haijachoka. I hubana nguvu ili kuokoa mafuta. S huziachia zote kwa kadiri ya mguu. S# huzileta mapema tu, wala haiongezi nguvu za farasi za injini, usidanganywe. Kwanza ipashe moto, ikiwa ya baridi S# hukataa. Kwenye foleni na mvua mimi hubaki I. Ila taa ya injini ikiwaka, au uzito ukibaki hata kwenye S, mwone fundi mwenye mashine ya kupima. Huenda mpira wa tabo (turbo, inayosukuma hewa kwenye injini) unavujisha hewa.