Maswali na majibu: Malenga wa uwanjani, mkuu wa wilaya na fulana mbili

Maswali ya hip hop yamejaa tangu wiki ya Pasaka. Nimechukua sita. Mliotuma matusi, nimeyasoma, vina vyenu vibovu.

Kaka shikamoo. Nikki wa Pili alitulea na mistari ya kuuhoji mfumo, mwaka 2021 akateuliwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe. Si ametusaliti? (Msomaji, Kijenge)

Marahaba. Ukienda shoo pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid, umewahi kujiuliza Amri Abeid ni nani? Wengi mnadhani alikuwa golikipa. Alikuwa malenga. Mwaka 1954 alichapisha kitabu cha kanuni za vina na mizani, akaja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na alifariki 1964 akiwa waziri. Mtu wa vina kukalia kiti cha serikali hakukuanza na Weusi, kundi la Nikki, mdogo wangu.

Ila kiti na kiti havifanani. Marapa Sugu na Profesa Jay waliingia bungeni kwa kura, tena upinzani. Sugu alihukumiwa kifungo cha miezi mitano Februari 2018 akiwa bado mbunge, kwa maneno aliyoyasema kwenye mkutano wa hadhara. Miaka yote ya kuchana, yaani kurapu, haikumfikisha jela, hotuba moja ikamfikisha. MwanaFA naye aliupata ubunge wa Muheza mwaka 2020 kupitia chama tawala, 2023 akawa naibu waziri. Hao wote walisimama mbele ya wapiga kura. Mkuu wa wilaya anateuliwa na Rais, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Kijana wa Chuga (Arusha) aliyezoea kuwakimbia askari na spika begani, akaishia kupigiwa saluti na askari! Usaliti siuoni. Ninachongoja ni aje atuchanie alichokiona ndani ya kikao kile. Albamu hiyo nitainunua, tena kwa hela yangu.

Nina ngoma inamtaja mwenyekiti wetu wa mtaa kwa jina, kwamba amekula hela za barabara. BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) watanifungia?

BASATA ndiyo ya mwisho kuiogopa. Mwenyekiti mwenyewe ndiye atakupeleka mahakamani kwa kashfa. Una karatasi yoyote inayoonyesha hela ziliingia na barabara haikutengenezwa? Kama huna, toa jina, acha shimo la barabarani lijieleze.

Na msinitajie rapa Nay wa Mitego kila mara. Machi 2017 alikamatwa, wimbo ukafungiwa, kesho yake Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Mtaa mzima ulishangilia. Mimi niliogopa zaidi siku ile ya kuachiwa kuliko ya kukamatwa, maana nilijua sasa kwamba kinachoamua wimbo upigwe au usipigwe ni mtu ameamkaje.

Kwa nini redio hazipigi hip hop?

Umepeleka wimbo, au umemtumia mtangazaji linki saa saba usiku na neno "support"? Hili sijibu tena.

Mgombea udiwani anataka tumwimbie kwenye kampeni. Tumwambie bei gani? (Kundi la watu watatu, Ngarenaro)

Bei yoyote, ilimradi iwe kwenye karatasi yenye sahihi kabla hamjashika maiki. Miaka yangu ya kuchana tulimpandia mgombea mmoja jukwaani, jua la saa nane, vumbi mpaka kwenye meno. Tuliahidiwa laki tatu. Tulipata soda ya moto na fulana mbili, nasi tulikuwa watatu. Mwaka uliofuata nikasikia kiitikio chetu kwenye gari lake la matangazo, sauti ni yangu, jina langu hakuna anayelijua. Nilikwenda kudai. Katibu wake akaniuliza, "Mkataba uko wapi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Sheria ya hakimiliki ya 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka hamsini baada ya kufa. Nyinyi hata nakala ya mashairi hamna, mmeyaacha kwenye simu iliyoibiwa stendi. Nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mkasajili. Na huyo diwani akishinda, msije kwangu kulalamika kwamba hamuwezi tena kumchana.

Rapa Kendrick Lamar alipewa tuzo ya Pulitzer ya Marekani mwaka 2018. Wasomi wetu wanangoja nini?

Wamarekani wenyewe walichelewa. Tuzo ya kwanza ya rapu kwenye Grammy ilitolewa 1989, na hawakuionyesha kwenye televisheni. DJ Jazzy Jeff na Fresh Prince walishinda, wakasusa kwenda. Sisi tuna kundi la X Plastaz lililoanza hapa Arusha mwaka 1996, na darasa la ushairi bado linaishia kwenye tarbia. Lakini tahadhari: msomi akija na kinasa sauti, muulize mahojiano yanakwenda wapi. Yeye ataondoka na shahada, wewe utabaki na selfi.

Mwanangu wa kidato cha tatu anaandika mistari nyuma ya daftari la hesabu. Baba yake kalichana. Nifanyeje? (Mama, Sombetini)

Basi mama, nyumbani kwako wachanaji ni wawili. Mnunulie kaunta buku, la hesabu liachwe na hesabu zake. Mwambie aandike tarehe juu ya kila ukurasa. Baba asionyeshwe kwanza.