Brodeur kurudi Devils si heshima ya jina tu

Ndugu, umeuliza kama Martin Brodeur, kipa wa zamani wa hoki ya barafuni, alipewa kazi New Jersey Devils, timu yake ya zamani ya Marekani, kwa sababu ya jina. Mimi nasema hapana. Alistaafu Januari 2015 akiwa timu ya St. Louis Blues, na hukohuko akajifunza ofisi akiwa msaidizi wa meneja mkuu. Agosti 2018 ndipo akarudi nyumbani, kwanza upande wa biashara, kisha 2020 akahamia masuala ya timu yenyewe.

Huyu ni kipa wa ushindi 691, mechi 125 bila kuruhusu goli! Alikuwa anatoka golini, anakiwahi kisahani (kinachochezwa badala ya mpira) nyuma ya nyavu na kuanzisha shambulizi mwenyewe, mpaka 2005 ligi yao, NHL, ikachora mistari barafuni kuwabana makipa wa aina yake. Jicho hilo nalitaka kwenye usajili.