Kozi ya wiki sita, dola 40,000 na ng'ombe wa baba

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Mimi ni msichana wa Wete, nimemaliza kidato cha nne, nimepata C ya Biolojia na D ya Kemia. Kwenye grupu letu la WhatsApp limetumwa tangazo la kozi ya kuchukua damu, wiki sita, yote kwa simu, na mwisho unapewa cheti "cha kimataifa". Wanasema wachukua damu Marekani wanapata zaidi ya dola 40,000 kwa mwaka, na wana wakala anayepeleka watu Maskati. Naomba kujua hapa kwetu Zanzibar mtu wa kazi hii analipwa kiasi gani, na kitu gani kinapandisha mshahara wake. Baba yuko tayari kuuza ng'ombe nilipe ada.

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Mimi si daktari, ni mtu wa maabara, na tangazo hilo limeshanifikia mara nyingi, kila mara kwa jina jipya la chuo. Mwambie baba ng'ombe abaki zizini kwanza.

Kuhusu dola hawakusema uongo. Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, kwa hesabu ya Mei 2023, iliweka mshahara wa kati wa wachukua damu kuwa dola 41,810 kwa mwaka. Nusu yao wanapata chini ya hapo na nusu juu. Ni kama dola 20 kwa saa, kabla ya kodi na pango, na bado ni chini ya mshahara wa kati wa wafanyakazi wote wa nchi hiyo, uliokuwa dola 48,060. Hicho walichokuonesha kama utajiri, kwao ni kipato cha mtu wa kawaida anayehesabu senti.

Walichokificha ni njia ya kukifikia. California haikupi leseni mpaka usome saa 40 darasani, ufanye saa 40 za vitendo, na uwe umechoma mishipa isiyopungua 50 na vidole 10 chini ya msimamizi. Louisiana, Nevada na Washington nazo zina masharti yao. Kwengine sheria haidai leseni, lakini waajiri wengi wanataka uwe umefaulu mtihani wa chombo kinachotambulika, kama ASCP, chama cha Marekani cha wataalamu wa maabara. Sasa hiyo mishipa 50 utaichoma wapi kwenye simu? Na H-1B, viza ya kufanya kazi Marekani ambayo watu wanaitaja taja, ni ya kazi zinazotaka shahada.

Maskati najua kunavutia, nusu ya Pemba ina shangazi au mjomba kule. Lakini hospitali za Ghuba zinataka cheti cha maabara au cha uuguzi, kihakikiwe kutoka kwenye chuo chenyewe kilichokitoa, kisha ufanye mtihani wa leseni. Chuo kinachoishi kwenye namba ya simu hakihakikiki. Wakala akikwambia uingie kwa viza ya kitu chengine halafu "utabadilisha ukishafika", ujue anakupeleka kuosha vyombo vya watu.

Sasa hapa kwetu. Nenda hospitali ya Abdulla Mzee kule Mkoani, nenda ya Chake Chake, vuka uende Mnazi Mmoja kule Unguja, umuangalie anayemfunga mgonjwa mpira mkononi. Ni fundi sanifu wa maabara, au muuguzi wa wodini. Hakuna anayelipwa kwa kuchoma sindano peke yake. Mshahara unafuata kada: mwenye cheti, mwenye stashahada, mwenye shahada, kila mmoja na ngazi yake, na huwezi kuruka ngazi kwa kuwa mkono wako mwepesi. Asiye na kada wala usajili anabaki karibu na kima cha chini. Serikali ilipandisha kima hicho mwaka 2022 kutoka shilingi 300,000 hadi 347,000 kwa watumishi wake, na mwaka 2024 sekta binafsi nayo ikapelekwa kwenye hiyo 347,000. Mwenye zahanati akikuajiri kwa cheti cha simu, hapo ndipo atakapokuweka, kama hakukupa "posho" tu bila mkataba wala michango ya ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii.

Kinachopandisha, baada ya kada, ni mwajiri na saa za kazi. Serikalini mshahara ni wa uhakika, una pensheni, na zamu na muda wa ziada huongeza kidogo pale vinapolipwa kwa wakati. Hospitali binafsi za mjini Unguja, hasa zinazohudumia watalii na wenye bima, zinaweza kukupa zaidi, na zinaweza pia kukutoa msimu ukiwa mbaya. Miradi ya utafiti ndiyo inayowatoa watu udenda. Pemba tuna Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, pale Wawi, inayofanya kazi za kichocho na minyoo tangu mwaka 2000. Mradi wa utafiti, popote ulipo, unaangalia nani anajua kumchukua damu mtoto wa miezi minne kisiginoni bila kumkamua, nani anajaza fomu bila kufutafuta, na nani yuko tayari kutoka usiku. Vimelea vya matende vya huku kwetu vinatoka kwenye damu ya pembeni usiku, kwa hiyo mtu anagonga milango ya watu saa nne na saa tano, na wenye nyumba washalala. Fedha ni nzuri, lakini mradi ukifunga na mkataba umefunga.

Hayo ya mshahara yameisha. Linaloniudhi ni hili la kudhani kwamba kazi ni kuupata mshipa. Mshipa utaupata, hata kijana wa mtaani ukimuonesha mara kumi ataupata. Nikupe mfano. Kuna kituo kimoja kilituletea damu ya mama mmoja ipimwe chumvi za mwilini. Potasiamu ikasoma juu kiasi kwamba mwenye damu ile alitakiwa awe ameshakufa, na kalsiamu iko chini kabisa. Tukapiga simu kumtafuta mgonjwa kwa wasiwasi mkubwa. Kumbe yuko nje kibarazani anakula muhogo. Aliyemchukua damu alijaza kwanza chupa ya kifuniko cha zambarau, akaona ile nyekundu haikutosha, akafungua zote mbili akamiminia kutoka hii kwenda ile. Chupa ya zambarau ina EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo ni chumvi ya potasiamu na inashika kalsiamu. Mashine haikukosea, ilisoma kilichotiwa ndani. Angekuwepo daktari mwenye haraka, mama yule angetibiwa ugonjwa uliotengenezwa ndani ya chupa.

Ndiyo maana chupa zina mpangilio: ya kuoteshea vijidudu kwanza, kisha ya bluu, kisha nyekundu, kisha kijani, zambarau baadaye, kijivu mwisho. Ndiyo maana mpira haukai mkononi zaidi ya dakika moja, na hatuchukui damu juu ya mkono unaopokea dripu. Ukivuta bomba la sindano kwa nguvu, chembe nyekundu zinavunjika, potasiamu inapanda tena. Hayo hufundishwa mbele ya mgonjwa, na mtu mwenye uzoefu amesimama nyuma yako anakugomba.

Halafu majina. Pemba hii, siku ya kliniki, ita "Khamis Juma Khamis" uone wangapi watainuka. Mfunzwa wa simu atauliza, "Wewe ndiye Khamis Juma?" Mzee wa watu, masikio mazito, atajibu ndiyo, kwa sababu anaona tabu kumkatalia mtu wa hospitali. Swali ni "Jina lako nani?" Umwache alitaje mwenyewe, kisha umri, shehia, na namba ya karatasi yake. Ukikosea hapo kwenye damu ya kuongezewa, kundi lisilolingana linaua.

Kwa hiyo ukitaka mshahara, soma kada. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kina skuli yake ya afya pale Mbweni. Ulizia sifa za stashahada ya maabara, na kama alama za masomo mengine hazitoshi, rudia mtihani wa somo lililokuangusha. Rudio ni bei ndogo kuliko ng'ombe. Chuo chengine chochote, angalia kama kimo kwenye orodha ya NACTVET, baraza la taifa linalosajili vyuo vya ufundi, kabla hujalipa hata shilingi ya fomu, na uulize utafanya vitendo hospitali gani. Wakianza kukwambia "utajitafutia mwenyewe", kata simu.

Na wewe unayesoma hili huku huna mpango wa kuwa mtu wa maabara, lakini unapima damu popote palipo karibu: najua maduka ya dawa ambako anayekuuzia panadoli ndiye anayekutoa damu, bila glavu, na sindano anazitupa kwenye ndoo ya taka za kawaida ambayo mtoto wa kufagia ndiye anayekwenda kuimwaga. Virusi vya homa ya ini B vinaambukiza kwa sindano kirahisi kuliko vya UKIMWI, na yule mtoto hakuna aliyemuuliza kama amechanjwa. Wengine wanakuja majumbani na mkoba, wanakupima "mwili mzima" kwa tone moja la kidoleni, wanakutajia figo, ini na nyongo, kisha wanafungua mfuko wa pili wenye dawa za kuuza. Hakuna tone la namna hiyo.

Kwenye maabara ya kweli, sindano inafunguliwa kwenye pakiti mbele yako, inaingia kwenye boksi gumu la njano mara tu ikitoka mkononi mwako, na chupa inaandikwa jina damu ikishaingia, hujainuka bado kwenye kiti. Ukikuta chupa zimepangwa mezani zimeshaandikwa majina tangu asubuhi, teremsha mkono wa shati na uende kwengine.