Masafa mafupi, lakini yanafika Dar?

Swali: Kijiweni kwetu Mwanjelwa, Mbeya, tumebishana juu ya habari za redio. Mmoja anasema "kombora ya masafa fupi", mwingine "kombora la masafa mafupi". Halafu silaha hiyohiyo ya kushambulia inaitwa "ya kujihami". Lipi sahihi?

Jibu: Ni "kombora la masafa mafupi". Kombora liko ngeli ya LI-YA. Masafa ni YA-YA, hayana umoja. Hapo hakuna la kubishania.

Ila "mafupi" lisiwahadae. Wataalamu wa silaha huhesabu kuwa mafupi masafa yasiyozidi kilomita 1,000, na kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam kwa barabara ni 800 na ushei! Ni mafupi yakilinganishwa na ya makombora ya kuvuka mabara, yanayoanzia kilomita 5,500. Scud-B ya Kisovieti, yenye masafa ya kilomita 300 hivi, ingetoka Mbeya ikaifikia Iringa, tena bila kusimama Makambako kuchimba dawa.

Kwenye "kujihami" ndipo penye mjadala. Kujihami ni kujikinga. Mtambo wa kudungua makombora angani ni wa kujihami bila ubishi. Kombora la balistiki halikingi kitu: injini hulisukuma juu, huzimika, kisha linaangukia shabaha. Kinachomlinda mwenye nalo ni hofu ya jirani kulipiziwa kisasi. Pakistan ilipolijaribu kombora lake la Nasr mwaka 2011, lenye masafa ya kilomita 60 hivi, lengo lilikuwa kuifanya India isite kuvusha vifaru vyake. Kwa nchi zinazopakana, masafa hayo yanatosha. Seoul nayo, mji mkuu wa Korea Kusini, iko kama kilomita 50 tu kutoka mpaka wa Korea Kaskazini. Kuitishia hakuhitaji kombora la kuvuka bahari.

Serikali zenye silaha hizo hupenda kusema "za kujihami", na watangazaji wetu hulibeba neno lilivyo. Mimi singelibeba. Ningesema "makombora ya kumzuia adui asishambulie". Ni maneno mengi, najua, lakini redio haitozi kwa neno. Wapo wanaoandika "uzuiaji" basi, wakamwacha msomaji ajiulize nani anazuiwa asifanye nini. Kwa hiyo "adui" na "asishambulie" visikatwe: ukibakiza "makombora ya kuzuia", msikilizaji atadhani ni yale ya kudungulia mengine.