TB ya mgongo au bakteria wa kinywani? Yaliyonikuta

Pole sana dada. Umesema mama ana wiki 7 mgongo unamuuma hadi halali, homa inakuja na kuondoka, MRI imeonyesha pingili 2 zimeliwa na kuna usaha pembeni, na kesho anaanza dawa za TB. Swali langu la kwanza: huo usaha umetolewa ukapimwa?

Mimi mgongo uliponiuma nilidhani ni misuli, kwa sababu ya kubeba magunia. Nikachoma sindano za maumivu, nikanunua antibiotiki duka la dawa mara mbili. Eksirei ikatoka safi, kumbe mfupa huchukua wiki kadhaa ndipo uharibifu uonekane humo. MRI ndiyo iliyoonyesha: pingili ya 3 na ya 4 za kiunoni, diski ya katikati imekwisha, na jipu kwenye msuli wa ndani. Wakasema TB, na simlaumu daktari, kwetu hilo ndilo la kwanza kufikiriwa. Usaha ulivutwa kwa sindano, GeneXpert (kipimo cha TB) ikawa hasi, wakauotesha maabara siku 2 kuona kama kuna bakteria, hakuna kitu.

Daktari mwingine akaniambia nifungue mdomo. Nilikuwa na gego bovu la miaka, fizi zikitoa damu kila nikipiga mswaki. Akanisimamishia antibiotiki zote kwanza, usaha ukavutwa upya, akaagiza maabara waoteshe pasipo oksijeni na wasitupe sampuli mapema. Siku ya 6 akaota bakteria aitwaye Parvimonas micra. Huyu anaishi kwenye mifuko ya fizi, hewa haipatani naye, anaota taratibu. Akiingia kwenye damu anaweza kutua kwenye pingili. Ndiyo maana siku 2 hazikumfikia, na vile vidonge vyangu vya dukani navyo vilimficha.

Nilichomwa penisilini ya mshipani wiki 6, gego likang'olewa. Homa iliisha mapema, mgongo ulichukua miezi.

Sisemi mama hana TB, na ikithibitika ameze dawa zote. Naomba tu leo muulize kama usaha utapimwa TB na pia kuoteshwa kwa njia zote mbili, penye oksijeni na pasipo oksijeni, na mwambieni daktari antibiotiki alizokwisha kunywa na hali ya meno yake.

Mama akianza kuburuta mguu, au mkojo ukimtoka bila kujijua, msingoje kliniki. Mpelekeni hospitali kubwa usiku huohuo.